Fadhili William Mdawida: Mwimbaji, Wimbo na Swali la Mwenye Kazi

Utangulizi

Wahenga waliposema kuwa mcheza kwao hutunzwa, walizungumza ndani ya jamii ambamo mchezaji na watazamaji wake walijuana kwa jina na kwa ukoo. Mchezaji aliingia uwanjani, akacheza, akatuzwa papo hapo na watu walioliona jasho lake. Methali hiyo haikutazamia wakati ambapo sauti ya msanii ingenaswa kwenye sahani ya santuri, ikavushwa bahari na kuchezwa katika miji ambayo mwenye sauti hajaifika. Fadhili William Mdawida ni miongoni mwa wasanii wa mwanzo wa Afrika Mashariki walioishi katika pengo hilo baina ya uwanja na santuri.

Ni vigumu kuutaja wimbo wa Kiswahili uliozagaa duniani kuliko Malaika. Umeimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiswahili ila maneno ya wimbo huo. Hata hivyo, jina la Fadhili halikuzagaa kwa kiasi hicho, na miongoni mwa wanaolijua wapo wanaokana kwamba wimbo ni wake. Kwa mintarafu hii, maisha yake ni zaidi ya kisa cha mwimbaji mmoja. Yanamlazimisha mhakiki wa fasihi kujiuliza maswali mawili ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa yamekwisha kujibiwa: kazi ya sanaa huisema jamii ipi, na mwenye kazi hiyo ni nani?

Asili na Makuzi

Fadhili alizaliwa tarehe 11 Novemba 1938 katika nchi ya Wataita, eneo ambalo leo ni Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya. Jina lake la mwisho lina maana kwa yeyote anayeijua ngeli ya watu. Dawida ni jina ambalo wenyeji huiita milima yao mikuu. Wakaazi wake ni Wadawida na lugha yao ni Kidawida. Mdawida, basi, ni mtu wa Dawida. Kila jina hilo lilipoandikwa kwa ukamilifu wake, asili ya mwimbaji iliandikwa pamoja nalo, ingawa nyimbo zilizompa sifa hazikuimbwa kwa Kidawida.

Itakuwa makosa kuidhania nchi hiyo ya milima kuwa ilijitenga na ulimwengu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, nao Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Ujenzi wa reli ulioanzia Mombasa mwaka 1896 ulipita Voi kabla ya mwisho wa karne hiyo, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza tawi la reli likajengwa kutoka Voi kuelekea Taveta hadi likaunganishwa na reli ya Moshi. Mashamba makubwa ya katani yalienea katika nyika za Voi, Mwatate na Taveta. Kijana aliyezaliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1930 aliijua filimbi ya treni na harufu ya katani kama alivyoijua migunda ya wazee wake milimani.

Mazingira haya yana uzito katika kuuelewa wimbo. Reli na katani zilileta ujira, na ujira ukaleta kipimo kipya cha mtu. Kabla ya hapo, utajiri wa Mtaita ulionekana katika ng'ombe, mbuzi na mashamba, na mahari yalilipwa kwa mifugo iliyochangwa na ukoo. Kijana hakuoa peke yake. Baba, wajomba na ndugu walisimama nyuma yake. Shilingi ilipoingia, mzigo huo ulianza kumwelemea kijana binafsi, ambaye alitakiwa kuutafuta mjini au shambani kwa mwajiri. Asiyefanikiwa kuupata hakuwa na wa kumlaumu wala wa kumtegemea.

Kutoka stesheni ya Voi vijana walikuwa na njia mbili: kushuka Mombasa au kupanda Nairobi. Fadhili alizijua zote mbili. Alisoma katika shule ya Shimo la Tewa, Mombasa, lakini aliyakatiza masomo ili kuufuata muziki. Uamuzi huo haupaswi kupuuzwa. Katika miaka ya 1950 nafasi za Waafrika katika shule za sekondari zilikuwa chache mno, na cheti kilikuwa ufunguo wa ukarani, ualimu na mshahara wa kila mwezi. Kuiacha njia hiyo na kushika gitaa kulikuwa ni kukipa kisogo kile hasa ambacho wakwe walikithamini.

Nairobi na Enzi ya Santuri

Nairobi ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa mji uliokuwa ukitoka katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 na kuondolewa rasmi mwaka 1960. Katika mitaa ya Waafrika, mfano wa Pumwani, watu wa makabila mbalimbali waliishi pamoja na kuelewana kwa Kiswahili. Biashara ya santuri ilikuwa imekwisha kugundua kwamba wimbo wa Kiswahili una soko pana kuliko wimbo wa lugha yoyote nyingine ya eneo hili, kwa kuwa ungeweza kuuzwa Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam bila kutafsiriwa.

Katika mazingira hayo Fadhili akawa mwimbaji wa kundi la Jambo Boys. Karibu na mwaka 1960 kundi hilo liliurekodi wimbo Malaika, na kwa maelezo ya wengi yeye ndiye aliyetangulia kuutia katika santuri. Baadaye alifanya kazi katika studio ya Equator Sound iliyokuwa chini ya Charles Worrod, ambapo wimbo ulirekodiwa upya mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilijipatia uhuru. Bendi ya studio hiyo iliwakutanisha wanamuziki wenye asili tofauti, wakiwamo Daudi Kabaka, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Muziki wao ulichanganya gitaa la kienyeji na mdundo wa twist uliokuwa ukivuma wakati huo. Kwa bendi ya namna hiyo, Kiswahili kilikuwa uwanja wa kukutania, na msikilizaji hakuweza kubaini kwa kusikiliza tu nani katoka milima ya Taita na nani kavuka mipaka miwili kuja Nairobi.

Wimbo kama Kioo cha Jamii

Ukitazamwa kijuujuu, Malaika ni wimbo wa mapenzi wa kawaida. Nafsineni ni kijana anayemkiri mpenzi wake, anatamani kumfanya mke, lakini anazuiwa na ufukara. Muundo wake ni sahili: beti fupi zinazofanana, huku kila ubeti ukiongeza jambo moja na kuurudia ungamo ule ule. Mhakiki anayetafuta ujuzi wa vina na mizani kwa kipimo cha mashairi ya kimapokeo atauona mwepisi. Uzito wake uko kwingine, katika uteuzi wa maneno.

Kwanza, wimbo unautaja ufukara kwa maneno mawili tofauti, mali na pesa. Msikilizaji wa haraka huyachukulia kuwa visawe. Katika jamii kama ile aliyozaliwa Fadhili, hayakuwa visawe. Mali ni neno pana linaloweza kubeba mifugo, mashamba na urithi, yaani utajiri wa ukoo. Pesa ni sarafu ya soko, inayotafutwa na mtu mmoja na kupotea mkononi mwake. Kijana wa wimbo amekosa yote mawili. Hana utajiri wa zamani ambao ungemtambulisha kwa wazee, wala hana wa sasa ambao ungemwezesha kuwanyamazisha. Amesimama katikati ya mifumo miwili ya uchumi, na kila mmoja umemfungia mlango. Hapo ndipo wimbo unapoacha kuwa simanzi ya mtu binafsi na kuwa ushahidi wa kizazi kizima cha vijana wa miaka ya 1940 na 1950.

Pili, mpenzi anapewa sura mbili, ya malaika na ya ndege mdogo. Neno malaika lina asili ya Kiarabu na linaeleweka sawia kwa Mwislamu na Mkristo, jambo lililoufanya wimbo ukubalike pwani na bara. Katika Kiswahili neno hilo humtaja pia mtoto mchanga, kwa hiyo linabeba utakatifu na upole kwa pamoja. Taswira hizi mbili zina sifa moja inayozifungamanisha: malaika na ndege wote wana mabawa. Anayependwa anaweza kuruka, ilhali anayependa yuko ardhini. Umbali huo wa wima ndio sitiari kuu ya wimbo, na ndio umbali wa kitabaka uliopo baina yao.

Tatu, msichana hasemi. Hatujui kama anampenda kijana, wala kama angekubali kuolewa bila mahari. Kimya hicho kinaweza kuhakikiwa kwa mtazamo wa kijinsia: mwanamke anasifiwa hadi anapewa mabawa, lakini hapewi sauti wala nafasi katika uamuzi unaomhusu yeye kuliko mtu mwingine. Wakwe nao hawatajwi. Mfumo unaomnyima kijana haki hauna uso, na kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kubishana nao. Wimbo unaishia palepale ulipoanzia, bila ufumbuzi.

Safari ya Wimbo Ng'ambo

Miaka michache baada ya kurekodiwa, wimbo ulivuka mipaka. Miriam Makeba wa Afrika Kusini ndiye aliyeupa umaarufu mkubwa zaidi, na mwaka 1965 ulikuwamo katika albamu aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte nchini Marekani. Kundi la Hep Stars liliuimba Sweden mwaka 1967, Boney M wakautoa Ujerumani mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake ya mwaka 1991. Waimbaji wengine wengi wamefuata.

Katika safari hiyo, maana iligeuka. Makeba alipouimba, nafsineni iliyokuwa ya kiume ilipewa sauti ya kike, lakini kitenzi hakikubadilishwa. Kwa kaida ya Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa; katika sauti ya Makeba mwanamke ndiye anayetamani kuoa. Hadhira ya New York haikuweza kuung'amua mgongano huo, kwani kwao maneno yalikuwa sehemu ya ala. Aidha, wimbo unaoeleza ndoa iliyoshindikana huimbwa siku hizi hata harusini, mbele ya bwana na bibi ambao mahari yao yamekwisha kulipwa. Katika hoteli za kitalii umekuwa wimbo wa kumbembeleza mgeni. Umaskini uliouzaa haupo tena masikioni mwa wengi wanaousikiliza.

Hili si jambo la kulaumiwa moja kwa moja. Nadharia ya fasihi simulizi inatufundisha kwamba kila utendaji ni uumbaji upya, na kwamba hadhira hushiriki katika kuipa kazi maana. Lakini linathibitisha kwamba maana ya kazi ya sanaa haikai ndani ya maneno peke yake. Ukiuondoa wimbo katika jamii iliyoyajua mali na pesa kama majeraha mawili, unabaki na sauti tamu na jina la malaika.

Mgogoro wa Mtunzi

Wimbo ulipoanza kuingiza fedha, swali la mtunzi likawa zito. Fadhili alishikilia hadi mwisho kwamba aliutunga mwenyewe kwa sababu ya msichana aliyempenda ujanani na kumkosa kwa ajili ya ufukara. Kwa upande mwingine, Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania, alidai kuwa aliutunga katika miaka ya 1940 alipokuwa akiishi Nairobi, naye akausimulia mkasa wa mapenzi unaofanana sana na huo. Majina mengine kutoka pwani ya Kenya, kama Grant Charo na Lucas Tututu, yametajwa pia.

Ufanani wa masimulizi haya unastahili kuzingatiwa. Wanaume wawili wa nchi mbili, kila mmoja akiwa na msichana aliyemkosa na umaskini uliomzuia, wanaweza kuangaliwa kwa jicho la shaka, kana kwamba ni lazima mmoja wao awe mwongo. Hata hivyo, yapo maelezo mengine. Mkasa wenyewe ulikuwa wa kawaida mno katika kizazi hicho, kiasi kwamba kila kijana maskini angeweza kuuapia kuwa ni wake. Hadithi ya maisha, basi, haiwezi kutumika peke yake kumthibitisha mtunzi. Mhakiki anayeusoma wimbo kama tawasifu ya mtu mmoja anapoteza kile kilichoufanya ukumbatiwe na maelfu.

Mgogoro huu unazikutanisha dhana mbili za umiliki zisizolingana. Katika utamaduni wa ngoma na nyimbo za Wataita, kama ilivyo katika jamii nyingine za Kiafrika, wimbo ulikuwa wa walioucheza. Fanani aliyetangulia kuutoa alisifiwa, lakini aliyefuata alikuwa na ruhusa ya kuongeza ubeti, kugeuza mahadhi na kuupeleka kijiji kingine. Ngoma ya Mwazindika haikuwa na hati ya mmiliki. Santuri ilikuja na dhana tofauti: kwenye karatasi yake ya katikati palikuwa na nafasi ya jina la mtunzi, na aliyeandikwa hapo ndiye aliyestahili malipo. Wimbo uliokuwa ukiimbwa vilabuni na barazani kwa kaida ya kwanza ukahukumiwa kwa kaida ya pili.

Kwa kuwa ushahidi wa maandishi wa kabla ya 1960 ni haba, busara inahitaji kutofautisha majukumu ambayo neno mtunzi huyachanganya: aliyeibuni sauti na maneno, aliyeupanga muziki wake, aliyeuimba na aliyeurekodi. Fadhili anaweza kubishaniwa katika la kwanza. Katika kuuimba na kuufikisha kwenye santuri, nafasi yake haina shaka. Wimbo ulioijia dunia ni ule uliopita katika koo lake. Kumtambua Adam Salim hakuhitaji kumfuta Fadhili, wala kumtukuza Fadhili hakuhitaji kumnyamazisha Adam Salim.

Miaka ya Baadaye na Kifo

Katika miaka ya 1980 Fadhili alihamia Marekani, akaishi huko kwa zaidi ya mwongo mmoja. Aliishi katika nchi iliyoujua wimbo vizuri na kumjua yeye kwa uchache. Alirejea Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika kipindi hicho chote hakuacha kulalamika kwamba mapato ya wimbo hayakumfikia kama yalivyostahili. Alifariki jijini Nairobi tarehe 11 Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 62.

Sheria ilikuwa na mwendo wake. Kenya huru ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, wakati wimbo ulikuwa umekwisha kuenea. Sheria mpya ilipitishwa mwaka ule ule aliofariki Fadhili, 2001, ikaanza kutekelezwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, iliyoikubali rasmi dhana kwamba jamii nayo yaweza kuwa mmiliki wa kazi ya sanaa. Ni sheria ambazo zingelifaa kuwapo pale kijana wa Taita alipoingia studio kwa mara ya kwanza.

Hitimisho

Maisha ya Fadhili William yaliurudia wimbo wake kwa namna isiyotarajiwa. Kijana wa wimbo anakosa kile anachokipenda kwa sababu hana mali. Mwimbaji naye alikuwa na kitu kilichopendwa na dunia, akaona mali iliyotokana nacho ikienda kwa wengine. Kufanana huku kusitumiwe kama ithibati kwamba aliutunga. Kunaonyesha tu kwamba uhusiano usio wa haki baina ya penzi na fedha, ambao wimbo uliulalamikia, ulidumu baada ya wimbo na ukamgusa hata aliyeuimba.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, somo liko wazi. Uhakiki unaoishia katika kuorodhesha taswira na tamathali hautoshi. Ni sharti uulize pia kazi ilitoka katika uchumi upi, ilisafiri kwa njia ipi, na ni nani aliyetunzwa njiani. Fadhili alicheza kwao na akacheza ugenini, na pote alishangiliwa. Tuzo iliyobaki mikononi mwa wahakiki ni ndogo lakini wanaimudu: kila wimbo huo unapofundishwa darasani, jina la Mdawida litajwe, la Adam Salim litajwe, na ufukara wa vijana wa kizazi chao usomwe pamoja na sauti yake tamu.